Mikono Iliyoibuka Kabwe

Mwaka ule wa kipindupindu, mafuta ya taa yaliadimika Sumbawanga hata watu wakawa wanakula cha jioni jua lingali juu, giza likiingia kila mtu yuko kitandani kwake. Katika duka la Kulsumu, mtaa wa Katandala, rafu zilikuwa na viberiti, chumvi ya mawe, na sufuria kubwa ambazo hakuna aliyezitaka. Wateja waliingia, wakazungusha macho, wakatoka. Wengine walikuwa na adabu ya kuaga.

"Duka hili mngelifunga tu, Mama Ashura," Bertilla, mke wa balozi wa nyumba kumi, alimwambia siku moja huku ameshika chupa yake tupu. "Mkafugia mbuzi. Mbuzi angalau wana faida."

Kulsumu alicheka, maana mke wa balozi lazima achekewe. Bertilla alipokwenda zake, akaanza kufuta ubao wa kaunta ambao haukuwa na vumbi.

Alasiri hiyohiyo mumewe Mwinjuma alirudi kutoka ziwani. Malori ya serikali yalikuwa mabovu, kwa hiyo ofisi ya afya ilikuwa imelikodi lori lake la Bedford tangu ugonjwa ulipoanza, kushusha chokaa na dawa kwenye kambi ya wagonjwa, kijiji cha Kabwe huko ziwani. Sasa ugonjwa ulikuwa umekwisha na kambi imevunjwa. Safari hii ya mwisho alikuwa ameagizwa kubeba takataka za kambi: aproni za plastiki, glavu za mpira, buti na makoti waliyovaa wauguzi. Alitakiwa avipeleke kwenye shimo lililochimbwa kilimani, mbali na maji, avimwagie mafuta ya taa na kuvichoma mpaka viwe majivu.

Aliliingiza lori uani kinyumenyume, akashusha madebe mawili yaliyofunikwa turubai. Kulsumu aliisikia harufu kabla hayajafunuliwa.

"Umeyapata wapi?"

"Yamebaki."

"Yamebaki kwa nani?"

"Mama Ashura, si wewe uliyekuwa unalia huna mafuta? Haya, mafuta hayo. Nipe maji nioge."

Mwinjuma alikuwa mtu wa kusimulia. Akirudi safari, ungejua tope lilikuwa la rangi gani na nani kaomba lifti na alivaa nini. Siku hiyo alioga muda mrefu, akala kimya, akalala. Kulsumu aliliona jambo hilo vizuri kabisa. Aliliona, kisha akayasukuma madebe nyuma ya kaunta na kuyafunika kwa kanga kuukuu.

Aliyauza kwa kibaba, kwa watu aliowachagua mwenyewe. Habari zikaenea kama kawaida ya habari. Bertilla alirudi na sauti iliyolainika, akisema alijua tu, duka la Mama Ashura halikosi kitu. Kulsumu alimweka asubiri kidogo, bila sababu, akiwahudumia kwanza waliokuja nyuma yake. Kwa siku kadhaa alitembea Katandala na shingo ndefu.

Mmoja wa watu wa kwanza kupata alikuwa Albina, mpangaji wao wa chumba cha uani. Mumewe, Flavian, alikuwa mnunuzi wa samaki. Alishuka Kabwe kununua migebuka, akaugua huko, akafia kambini, na barabara ilipofunguliwa Albina aliambiwa tu kwamba mumewe amezikwa, tena amezikwa vizuri, kwa chokaa. Sasa arobaini ilikaribia, na ndugu walikuwa wanakuja kutoka vijijini kusali.

"Wageni wako hawatakaa gizani, dada," Kulsumu alimwambia, akaijaza chupa yake mpaka shingoni. Akamtoza bei ileile ya watu wengine.

"Mungu akuzidishie," alisema Albina, na machozi yakamlengalenga.

*

Samaki waliadimika sokoni baadaye kidogo, wakati hakuna aliyetazamia. Ugonjwa ulikuwa umekwisha, barabara ilikuwa wazi, na bado matenga yalipanda kutoka ziwani yakiwa matupu. Sababu aliileta Urbano, mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akimnunulia Kulsumu mzigo wake. Aliingia dukani asubuhi moja, akakaa juu ya gunia la chumvi bila kukaribishwa.

"Sina dagaa, Mama Ashura. Wala sitakuwa nao. Watu wa Kabwe hawavui."

"Wamepatwa na nini tena?"

Urbano alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Kuna mama mmoja alipasua kuhe, samaki mkubwa tu, mzima. Tumboni akakuta kidole. Cheupe. Alipiga yowe kijiji kizima kikakusanyika. Kumbe ni kidole cha mpira, kile cha glavu za wauguzi. Watu wakacheka, wakasema alhamdulillahi. Kesho yake nyavu zikaingia majini, zikatoka zimejaa. Mikono, Mama Ashura. Mikono mitupu ya mpira, imevimba kama ina mtu ndani. Na yale maaproni, yamejiviringisha kwenye nyavu mpaka nyavu zinakatika."

"Sasa kama ni mpira, hofu ya nini?"

"Maiti wa kambini walifungwa na nini kabla ya kuzikwa?" Urbano aliuliza. "Watu waliona kupitia kwenye wigo. Walifungwa kwenye plastiki hizohizo, nyeupe, zenye kamba za kufungia mgongoni. Haya, plastiki ziko ziwani. Waliokuwa ndani yake wako wapi?"

Kulsumu aliacha kupanga viberiti.

"Hawakuzikwa," alisema Urbano. "Walitupwa majini, samaki wakawala, makaburi yale ni vichuguu vya kudanganyia watu. Ndivyo wanavyosema. Bwana afya, yule Leonsi, wamemfungia kwenye ghala la ushirika, na nje wamekaa watu na makafi. Kesho wanafukua makaburi wajionee."

Kishindo cha bati kilisikika. Albina alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, na karai la nguo alilokuwa amebeba lilikuwa chini miguuni pake. Hakuziokota nguo. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kamba za mgongoni, umesema?"

"Shemeji, mimi nimesimulia tu niliyoyasikia."

"Flavian alifungwa hizo. Aliyemwona aliniambia." Aligeuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Halafu wakasikia sauti yake. Haikuwa kilio cha msibani, chenye maneno na jina la marehemu. Ilikuwa sauti moja tu, kama ya mtu aliyebanwa na kitu kizito.

*

Mwinjuma alikuwa chini ya lori, amelala juu ya gunia, akifunga kitu kwa spana. Kulsumu aliiona miguu yake tu. Akachuchumaa.

"Baba Ashura, zile takataka za kambi ulizichoma?"

Spana iliendelea kidogo, kisha ikanyamaza.

"Nakuuliza."

"Mvua ilikuwa inanyesha," ilisema sauti kutoka chini. "Njia ya kilimani imekuwa kama sabuni. Nimefika nusu, gari linateleza kurudi nyuma, na nyuma yangu kuna mzigo wa mavazi yaliyogusa wagonjwa. Unajua harufu yake? Hujui. Na shimo lenyewe Leonsi alisema limejaa maji, lazima kwanza niyachote. Nikawaza, nitakufa mimi niwaache wewe na Ashura wangu kwa ajili ya takataka?"

"Ukafanya nini?"

"Nikateremka mpaka kwenye miamba, upande ule wasikokaa watu. Nikayafunga kwenye magunia, nikatia mawe. Ziwa lile halina mwisho, kila mtu anasema. Nikajua yameshuka, yamekwenda. Leonsi akaniuliza, yamekuwa majivu? Nikamwambia ndiyo."

"Na mafuta?"

Miguu haikusogea. Kuku alipita, akadonoa karibu na kisigino cha Mwinjuma, akaenda zake.

"Mafuta wewe unajua yalipo," alisema Mwinjuma.

Kulsumu alisimama, akashika bodi ya lori. Kutoka chumba cha uani sauti ya Albina ilikuwa bado inasikika, imeshuka sasa, imekuwa mkwaruzo. Kulsumu aliwaza jinsi alivyoijaza ile chupa mpaka shingoni, na jinsi alivyopokea baraka zake.

"Kesho tunashuka Kabwe," alisema. "Mimi na wewe na Albina."

"Wataniua."

"Watafukua maiti wa kipindupindu kwa majembe na mikono, Baba Ashura. Halafu warudi nyumbani wawashike watoto wao."

Mwinjuma alijivuta kutoka chini ya lori. Uso wake ulikuwa na grisi, na ndani ya grisi macho yalikuwa ya mtu aliyekuwa halali usingizi kwa siku nyingi. Kulsumu alishangaa kwamba hakuliona hilo. Kisha akajiambia ukweli, kwamba aliliona.

*

Albina alikaa katikati yao, kwenye kiti cha mbele, na kifurushi chake mapajani. Hakuuliza kwa nini safari ile imepatikana kwa haraka hivyo. Walipovuka Namanyere na barabara ikaanza kuinama kuelekea ziwani, alimgeukia Mwinjuma.

"Mungu akubariki, Baba Ashura. Umeacha shughuli zako kwa ajili yangu."

Mwinjuma alibadilisha gia. Gia ikalia vibaya.

"Flavian alikuwa anaogopa maji," Albina aliendelea, akitazama mbele. "Mnunuzi wa samaki, lakini hata mtoni haingii. Anaoga kwa kata, amesimama mbali na ukingo. Nilikuwa namcheka sana. Sasa nawaza, mtu kama yule, wamempeleka kumtupa majini. Hata kama alikuwa amekwisha kufa. Nawaza alijua."

Kulsumu alifungua kinywa. Maneno yalikuwapo, yamejaa mpaka kwenye meno: hakutupwa, dada, yuko kaburini kwake. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kusema na lile lingine, na Albina alikuwa amebanwa bega kwa bega naye. Akafunga kinywa, akajidanganya kwamba jambo kama lile linafaa kusemwa mbele ya watu wote. Walishuka hivyo mpaka maji yalipoonekana, na kutoka pale juu ziwa lilikuwa la buluu na safi kama halina habari ya kitu.

Lilipokaribia, usafi ule ukaisha. Mawimbi yalikuwa yanaleta na kurudisha. Mchangani, ambapo kwa kawaida dagaa huanikwa, nyavu zilikuwa zimetandazwa zimechanika, na kwenye matundu yake yalining'inia maaproni, meupe vilevile kama yalivyotoka kwenye maboksi. Glavu zilikuwa zimetupwa marundo marundo, na upepo ukipita vidole vilitikisika. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa. Mbele kidogo alikuwa amelala mnandi, ndege mvuvi, amekufa, mdomo wake umeingia ndani ya glavu mpaka machoni.

Watu hawakuwa pwani. Walikuwa kwenye wigo wa makaburi, na majembe.

*

Aliyekuwa mbele yao alikuwa Adolfu, mwenyekiti wa kijiji, mvuvi mwenye mabega makubwa na shati la kazi lililofifia. Binti yake alikuwa miongoni mwa waliokufa kambini. Alikuwa anazungumza taratibu, kama anayeendesha mkutano wa kugawa mashamba.

"Hatufanyi fujo," alisema. "Tunafungua moja tu. La kwangu. Likiwa na mtu, tunafunika, tunaomba radhi. Likiwa tupu, serikali itatueleza."

"Ndugu Mwenyekiti," aliita Kulsumu.

Sauti yake ilitoka ndogo. Akaita tena. Watu waligeuka, wakamwona mwanamke wa mjini, baibui limejaa vumbi la safari, na nyuma yake Albina ambaye wengi walimfahamu kwa ajili ya Flavian.

"Msifukue. Makaburi hayana ubaya. Watu wenu wamo."

"Wewe nani?"

"Naitwa Kulsumu. Mume wangu ni Mwinjuma, mwenye lile lori lililokuwa linaleta chokaa. Zile plastiki zilizoko ziwani ni za wauguzi, si za marehemu. Alipewa kuzichoma. Hakuchoma. Alizitupa."

 Mtu mmoja akacheka, kicheko kikavu.

"Wametuletea mke wa mfanyabiashara aje atutulize," alisema. "Kesho watamleta nani?"

"Maneno tumeshiba, mama," alisema Adolfu, na hakuonyesha hasira. "Hata watu wa kambi walituambia wamezikwa vizuri. Na wewe unatuambia. Mumeo yuko wapi?"

Kulsumu aligeuka. Wote wakageuka. Lori lilikuwa limesimama chini ya mteremko, na ndani yake, nyuma ya kioo, Mwinjuma alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha. Alipoona wanamtazama, hakushuka. Kulsumu alihisi uso wake unawaka. Alimtazama mumewe, mtu mzima aliyehudhuria misiba ya watu na kuitwa kusuluhisha ndoa za watu, amejificha nyuma ya kioo ambamo kila mtu anamwona.

Mwishowe mlango ukafunguka. Alikuja mdogo mdogo, kofia mkononi.

"Ni kweli," alisema. "Nitawaonyesha."

Walimpeleka kwa mtumbwi mpaka kwenye miamba, na watu wengine wakapita juu ya mawe kwa miguu. Kulsumu na Albina walikuwa miongoni mwao. Maji pale yalikuwa maangavu. Magunia mengi yalikuwa yamepasuka, kamba zimesagwa na mwamba kwa kupigwapigwa na mawimbi, na kila wimbi likivuta, aproni au glavu ilijinasua kutoka kwenye gunia, ikapanda taratibu, vidole juu. Lakini moja lilikuwa limenasa katikati ya mawe, bado zima. Adolfu aliliingizia ndoana ya chuma, akalivuta na wenzake mpaka juu ya mwamba. Akakata kamba kwa kisu.

Vilitoka buti. Zikatoka glavu zimeshikana. Yakatoka maaproni yamekunjwa vizuri, kazi ya mwanamke fulani wa kambini aliyekuwa na mpangilio wake, na chini kabisa jiwe. Hapakuwa na kingine. Kaa mdogo alitoka kwenye kidole cha glavu, akakimbilia majini.

Adolfu aliligeuza gunia, akalikung'uta. Akaingiza mkono wake ndani na kupapasa pembe zote. Kisha akakaa juu ya mwamba, akaweka kisu kando, akafunika uso.

"Yumo," alisema, si kwa yeyote. "Yumo kwake."

Albina alikuwa amesimama. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetua mzigo, na Kulsumu alifikiri Albina atamshika mkono. Hakumshika.

Leonsi aliletwa kutoka ghalani. Shati lake lilikuwa na madoa ya mate ya tumbaku ya watu waliomtemea, na ndevu zilikuwa zimeota ovyo. Hakupaza sauti.

"Nilikuuliza, Ndugu Mwinjuma," alisema. "Nilikuuliza kama vimekuwa majivu, nikakushika na mkono. Ukaniambia ndiyo. Mimi kwa neno lako nimekaa ghalani na panya, na watu niliowauguza wananitemea mate."

Mwinjuma aliinama. Alikuwa hana pa kutazama, kwa hiyo akatazama kofia yake.

"Na mafuta ya kuchomea?" aliuliza Adolfu akiinua uso. "Ulipewa mafuta. Yalikwenda wapi?"

 Mwinjuma aliinua macho, yakapita kwa mkewe, yakaendelea mbele.

"Niliyauza njiani," alisema. "Kwa mtu nisiyemjua."

Mnong'ono ulipita. Mtu mmoja akamwita mwizi, mwingine mlanguzi, na mwanamke mmoja alilia kwa hasira kwamba wao walikuwa wanawauguza watoto wao gizani. Kulsumu alisubiri ulimi wake uamke. Ulikuwa umelala kinywani kama kipande cha mti. Alipoinua macho alikutana na macho ya Albina.

Albina alikuwa anajua. Kulsumu aliona jinsi anavyokumbuka: mji mzima hauna tone, na chupa imejazwa mpaka shingoni. Albina alimtazama muda ambao mtu humtazama mtu anayemfananisha. Kisha akageuka, akaanza kurudi kijijini juu ya mawe, akiangalia pa kuweka mguu.

*

Adolfu aliamua kwamba Mwinjuma akusanye kwanza alichokitupa, kisha apelekwe polisi Namanyere. Usiku ule alilala ndani ya lori lake, na vijana wawili wa mgambo wakalala nje.

Kulsumu walimpeleka nyumbani kwa mwenyekiti. Kalista, mke wa Adolfu, alimtandikia kitanda chake mwenyewe, akalala chini kwenye mkeka. Alimchotea maji ya moto. Alimwambia kwamba wanawake wengi wangefunika makosa ya mume, na kwamba yeye, mwanamke asiye ndugu yao wala wa dini yao, ndiye aliyeokoa kaburi la mwanawe. Kulsumu aliyasikiliza maneno yale akiwa amelala kwenye kitanda cha mama aliyefiwa, na kila neno lilikuwa kama linamvua nguo.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa pwani. Mwinjuma alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, amefunga shuka kiunoni, anaokota na kutupa ndani ya mtumbwi. Wavuvi kadhaa walimsaidia, si kwa ajili yake, ila wanataka ziwa lao. Leonsi alikuwa ameonyesha mahali pa kukausha na pa kuchoma. Kazi ilikuwa haiendi. Mtu alisafisha hatua chache za mchanga, akigeuka anakuta wimbi limeleta nyingine. Hakuna kimoja kilichooza. Hakuna kilichobadilika rangi. Ndani ya vidole vya glavu walikuta vidagaa vilivyoingia vikakosa njia ya kutokea, vimekufa vimepangana. Mzee mmoja aliishika aproni, akaivuta kwa nguvu zake zote, haikuchanika, akaitazama kama kitu kilichomtukana.

Kalista alikuja na kiti. Kilikuwa kiti cha ofisi ya kijiji, chenye mikono, na watu wawili walikisindikiza. Akakiweka kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa.

"Kaa hapa, Mama Ashura," alisema. "Wewe huna kosa. Nimekuletea na uji wa ulezi, kunywa upate nguvu."

"Nashukuru, nitasimama."

"Kaa, mama," alisema Adolfu akipita na tenga. "Kijiji kinakuheshimu."

Alikaa. Uji ulikuwa na moto, umetiwa asali. Wanawake waliokuwa wanapita na mizigo ya plastiki inayochuruzika walimtolea salamu kwa heshima, na wengine walipiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mkubwa. Mbele yake Mwinjuma aliteleza, akazama, akaibuka akikohoa, na watu wakacheka. Alijifuta uso kwa kiganja. Hakutazama upande wa kiti hata mara moja.

Albina alikuwa miongoni mwa wanawake wale. Alikuwa amekwenda kaburini alfajiri, udongo mwekundu ulikuwa kwenye magoti yake. Alipita mbele ya Kulsumu na tenga kichwani, akaenda kumwaga, akarudi, akapita tena. Hakuwa anamkwepa. Hakuwa anamtazama pia. Alipita kama mtu anavyopita mbele ya kiti.

Kulsumu aliweka bakuli la uji mchangani. Akasimama.

"Jamani," alisema. "Naomba mnisikilize."

Waliokuwa karibu walinyamaza, wakidhani anataka kuwashukuru. Adolfu alitua tenga.

"Mafuta hayakuuzwa njiani. Yalifika nyumbani kwangu. Niliyauza mimi, dukani kwangu, Sumbawanga. Mume wangu alinificha jana, na mimi nikajificha nyuma yake." Alimeza mate. "Nilimuuliza ameyapata wapi, akaniambia yamebaki. Nilijua hayakubaki. Sikutaka kujua zaidi kwa sababu nilikuwa nataka kuuza. Na mmoja niliyemuuzia ni huyu hapa, mjane, mafuta ya arobaini ya mumewe. Nikamtoza kama wengine. Nikapokea na dua yake."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo alikuwa amejiandaa nalo, na halikuja. Ndani ya maji Mwinjuma alikuwa amesimama na glavu mkononi, maji yanatoka kwenye vidole vyake kimoja kimoja. Adolfu aliangalia chini, akaokota tenga lake, akaendelea na safari yake. Wale waliokuwa wamepiga goti asubuhi walitazamana.

Kalista alikuja. Aliliokota bakuli, akaumwaga uji uliobaki mchangani, bila haraka. Kisha akakishika kiti kwa mkono mmoja wa mbao, akakiinua, akakirudisha alikokitoa. Nyayo za miguu minne ya kiti zilibaki mchangani mbele ya Kulsumu.

Akavua viatu. Akafunga kanga kiunoni juu ya gauni, akaingia majini. Yalikuwa ya baridi kuliko alivyotazamia. Glavu ya kwanza aliyoishika ilikuwa imejaa maji, nzito, na iliposhikwa ilimbana kama inamsalimia, naye nusura aiachie. Akaibana chini ya kwapa. Akatafuta nyingine.

Maji yalitikisika pembeni yake. Albina alikuwa ameingia, tenga tupu likielea mbele yake. Alisimama karibu naye kwa muda. Aliinua mkono, na Kulsumu akafumba macho, akijua anastahili.

Kofi halikuja. Alipofumbua, Albina alikuwa anaonyesha upande wa kaskazini, ambako matete yalikuwa yamesimama ndani ya maji, na mashina yake yalikuwa meupe kwa maaproni.

"Anzia kule," alisema Albina. "Kule ndiko yanakojaa." Akalisukuma tenga mbele ya Kulsumu, akarudi pwani kutafuta jingine la kwake.